Kwa nini, lini, na nani: kitabu cha Altizer na Hamilton kwa msomaji wa leo

Usiiruke dibaji ya kitabu hiki. Thomas Altizer na William Hamilton, waliokitoa Marekani mwaka 1966 kwa jina Radical Theology and the Death of God, wameorodhesha humo maana kumi ambazo msemo "Mungu amekufa" unaweza kuzibeba. Ya kwanza ni ya mkana Mungu wa kawaida: Mungu hayupo na hajawahi kuwapo. Ya kumi hata mzee wa kanisa mwenye msimamo mkali angeikubali: lugha yetu kuhusu Mungu ni pungufu siku zote. Kati ya hizo mbili mna mengi. Kwamba neno lenyewe "Mungu" linahitaji kufasiriwa upya. Kwamba miungu tunayojitengenezea lazima ife ili Mungu wa kweli aonekane. Kwamba watu wa leo hawamwonji Mungu ila kama aliyejificha. Waandishi wanatamka kwamba msimamo wao ni ule wa pili: palikuwa na Mungu aliyestahili kuabudiwa, kusifiwa na kutumainiwa, na sasa Mungu huyo hayupo.

Ninafundisha Biblia kwa watu wazima, na orodha hiyo nimeitumia darasani kuliko maandishi mengine yoyote ya theolojia ya karne ya 20. Mtu akisikia jina la kitabu hufunga daftari. Ukimsomea orodha polepole, anaanza kujitafuta ndani yake. Mama mmoja muuguzi, wa zamu za usiku, aliniomba nirudie ile ya Mungu aliyejificha, kisha akasema: "Hiyo naijua, mwalimu. Hii ya pili siijui, na wodini kwangu si kwamba nimekosa nafasi ya kukutana nayo." Kauli yake imebaki nami kila ninapokirudia kitabu hiki.

Mara baada ya kuutaja msimamo wao, waandishi wanajiwekea mtihani, na kwa mtihani huo ndio ninaowapima. Wanasema kwamba kama palikuwa na Mungu na sasa hayupo, basi iwezekane kueleza kwa nini mabadiliko hayo yametokea, yametokea lini, na nani aliyehusika. Ni mtihani wa haki. Maoni yangu ni kwamba falsafa iliwapa majibu mazuri ya maswali mawili ya mwanzo, na la tatu wakaliacha bila jibu, ingawa mwanafalsafa wanayemtaja sana, Nietzsche, ndiye aliyelijibu kwa sauti kuu.

Kwanza kitabu chenyewe. Ni mkusanyiko wa insha, nyingine zikiwa zimewahi kutoka majaridani, na ni chembamba: kurasa mia mbili hivi. Hamilton alikuwa akifundisha katika seminari ya Colgate Rochester, Altizer katika Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, ambacho ni cha Wamethodisti. Mwaka huohuo, Aprili 8, gazeti la Time lilitoka na jalada jeusi lisilo na picha, likiuliza kwa herufi nyekundu kama Mungu amekufa. Kelele zilizofuata zilikidhulumu kitabu. Watu waliwachukulia waandishi kama wazushi wa siku mbili tatu, wakati walichokuwa wakifanya ni kuvuna kilichopandwa na wanafalsafa wa Ulaya kwa zaidi ya karne moja na nusu. Msomaji asiyeijua historia hiyo atakisoma kitabu kama tusi. Anayeijua atakisoma kama deni linalolipwa kwa kuchelewa.

Kwa ufupi, deni lenyewe ni hili. Mwanafalsafa Mjerumani Kant, katika kitabu chake cha 1781 cha kuihakiki akili, alionyesha kwamba akili haina njia ya kuthibitisha wala kukanusha kuwapo kwa Mungu, na katika toleo la pili la 1787 akaeleza kwamba aliyaondoa maarifa ili aipe imani nafasi. Hegel hakuridhika na imani iliyosukumwa pembeni namna hiyo. Alitaka Mungu aonekane ndani ya historia yenyewe. Feuerbach, mwaka 1841, akageuza meza: unachokiita Mungu ni ubinadamu wako mwenyewe ulioutupa mbinguni. Kierkegaard akamkataa Hegel akamrudisha mtu mmoja mmoja mbele ya Mungu, akitetemeka. Kisha akaja Nietzsche. Hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye kitabu kinamweleza kwa utaratibu. Wamo kila mahali kama watu wanaojulikana, na huo ni upungufu wa kwanza kwa msomaji mpya.

Sehemu za Altizer ndizo zinazostahili kusomwa kwa kalamu mkononi. Anasisitiza kwamba kifo cha Mungu ni tukio la kihistoria: Mungu amekufa katika wakati wetu, katika historia yetu, katika kuwapo kwetu. Msomaji wa kawaida husimama hapo akauliza, tukio gani, la tarehe gani? Jibu la Altizer limetoka kwa Hegel, na Hegel alilitoa kanisani. Walutheri walikuwa na wimbo wa Ijumaa Kuu, wa Johann Rist, wa mwaka 1641, unaotamka kwamba Mungu mwenyewe amelala mautini. Mwaka 1802, katika maandishi yake kuhusu imani na maarifa, Hegel aliichukua hisia hiyo akasema isibaki kwenye ibada ya siku moja. Akili nzima ya nyakati za sasa ipitie Ijumaa Kuu yake, kwa ukali wote, bila kupunguziwa. Kwa Hegel, Roho, yaani Mungu anayejitambua ndani ya historia, haiwi Roho mpaka itoke nje ya nafsi yake, ijikane, iingie katika kilicho kinyume chake.

Altizer anasoma Wafilipi 2 kwa jicho hilo. Kristo "alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa", na Altizer anauliza: je, alifanya kweli? Kama alifanya kweli, basi yule Mungu aliyekaa juu, mbali, asiyeguswa, hakubaki kule juu akisubiri mambo yaishe. Aliyatoa yote. Kurudi kumtafuta kule alikokuwa ni kukataa kwamba alishuka. Nimesoma mahubiri na vitabu vingi juu ya sura hiyo ya Wafilipi, na karibu vyote hufanya haraka kufika mstari wa tisa, ambapo Mungu anamwadhimisha. Altizer anakataa haraka hiyo. Analazimisha msomaji akae kwenye mstari wa nane, kwenye msalaba, kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Kwa hilo peke yake namshukuru, na sioni kwamba angelifika bila Hegel.

Hapohapo ndipo ugumu unapoanza. Ukimwendea Altizer na swali la "kwa nini", anakujibu: kwa sababu ndivyo uhai wa Mungu ulivyo, kujimwaga. "Lini"? Katika Kristo, na kisha katika historia yote inayoendelea kutoka kwake, hadi nyakati zetu ambapo hatimaye tunalitambua. Ni majibu yanayoshikamana. Lakini Neno, yaani Kristo, linaloendelea kujimwaga katika historia lina sura gani? Yesu wa Altizer hana mji, hana mama, hamgusi mwenye ukoma, hali chakula na watoza ushuru. Amekuwa mwendo. Na mwendo wa aina hii, kwa kuwa ni wa lazima, unaenda mbele tu. Altizer anamtumia pia William Blake, mshairi aliyemwona yule mungu wa juu anayetoa sheria kama dhalimu, na Mircea Eliade, mtaalamu wa dini aliyeandika sana juu ya kitakatifu na kisicho kitakatifu. Insha ya Blake ni nzuri kama ushairi juu ya ushairi. Kama hoja, inategemea msomaji awe ameshakubali.

Lugha yake ni nzito, inajirudia, na kuna kurasa ambazo sentensi tatu mfululizo zinasema jambo moja kwa sauti inayozidi kupanda. Msomaji anayetaka kuona hoja ikijengwa hatua kwa hatua atachoka.

Sasa Nietzsche, maana hapa ndipo nina shauri kubwa na kitabu. Kila mtu anaijua kauli yake, wachache wameisoma ilipo. Iko katika kifungu cha 125 cha kitabu chake cha mwaka 1882. Mwendawazimu anawasha taa asubuhi peupe, anakimbilia sokoni, analia kwamba anamtafuta Mungu. Waliosimama pale hawamwamini Mungu, kwa hiyo wanacheka: amepotea kama mtoto? Amepanda meli? Naye anawarukia, anawakazia macho, anasema: tumemuua sisi, ninyi na mimi. Kisha maswali yanamiminika. Tuliwezaje kuinywa bahari ikaisha? Nani alitupa sifongo ya kufuta upeo wote wa macho? Tulifanya nini tulipoifungua dunia hii kutoka kwenye jua lake? Je, hatuanguki bila kukoma, nyuma, kando, mbele, pande zote? Tutajifarijije, wauaji wa wauaji wote? Mwishoni anaitupa taa chini inavunjika, na kusema amekuja mapema mno.

Angalia wanaotikiswa na maneno hayo. Wanaotikiswa ni wale wasioamini, waliodhani jambo limekwisha bila gharama. Nietzsche anawauliza swali lilelile la tatu la dibaji, nani aliyehusika, na kulijibu papo hapo: sisi. Kwa kuwa ni sisi, basi kuna hatia, kuna woga, kuna kazi ambayo hatujui kama tunaiweza.

Altizer anamchukua Nietzsche na kumweka ndani ya Hegel, na katika kufanya hivyo anaiondoa hatia. Aliyehusika, kwake, ni Mungu mwenyewe, aliyejitoa. Hatukuua, tumepokea. Kifo kimekuwa habari njema kabla hakijaombolezwa na mtu yeyote. Sisemi kwamba Altizer hana haki ya kumsoma hivyo, maana alikuwa msomi aliyemjua Nietzsche vizuri, hata lile fundisho gumu la kurudi kwa milele, kwamba yote yaliyotokea yatarudi tena na tena, analishughulikia kwa heshima. Nasema kwamba anapofanya hivyo, swali la tatu linapotea, na yeye na Hamilton walishasema wenyewe kwamba linadai jibu.

Kwa Hamilton tatizo hilohilo linakuja kwa njia nyingine. Ana insha inayoutangaza mtazamo mpya wa matumaini. Anashika tarehe moja, Januari 4, 1965. Siku hiyo mshairi T. S. Eliot alifariki London, na siku hiyohiyo Rais Johnson alilihutubia bunge la Marekani juu ya hali ya taifa. Hamilton anaiona kama zamu ya kupokezana: enzi ya ushairi wa kukata tamaa imeondoka, enzi ya watu wanaoamini dunia inaweza kubadilishwa imeingia. Anayataja mapambano ya haki za Wamarekani weusi na nyimbo zao kama ushahidi, na ushahidi huo ni wa kweli, watu wale waliimba na kubadilisha sheria. Lakini mwaka huohuo wa 1965 serikali ileile ilizidisha vita Vietnam, na Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Hamilton hakuweza kuyajua hayo akiandika. Alichoweza kujua ni kwamba yule mwendawazimu wa sokoni alishawaonya watu wachangamfu. Mwanatheolojia anayekubali kwamba dunia imefunguliwa kutoka kwenye jua lake, kisha akatangaza kwamba hali ya hewa ni nzuri, amemsoma Nietzsche hadi katikati ya ukurasa.

Ndiyo maana nashangazwa, kila ninaporudi, na Hamilton yule mwingine. Insha yake juu ya Dietrich Bonhoeffer na ile inayozichambua theolojia tatu za kifo cha Mungu ni kazi za mtu mwangalifu sana. Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyewapinga Wanazi, alikamatwa Aprili 1943, akafungwa katika gereza la Tegel, Berlin, akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg Aprili 9, 1945. Barua zake kwa rafiki yake Eberhard Bethge, hasa kuanzia Aprili 1944, zinauliza Kristo ni nani kwa ulimwengu uliokomaa, ulimwengu ambao sayansi, sheria na siasa zake hazimhitaji tena Mungu kama kiraka cha kuzibia mapengo ya maarifa. Barua ya Julai 16, 1944 inamnukuu Grotius, mwanasheria wa karne ya 17, aliyesema sheria ya asili ingesimama hata kama Mungu asingekuwapo. Bonhoeffer anaipokea kauli hiyo ya mwanasheria na kuipeleka msalabani: Mungu aliye pamoja nasi ndiye Mungu anayetuacha. Anarejelea Marko 15:34, ambapo Yesu analia kwa maneno ya Zaburi ya 22.

Hamilton anaipokea barua hiyo kwa uzito wake. Anasema anachokizungumzia si kukosekana kwa kumwonja Mungu, bali ni kuonja kutokuwapo kwake. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Ya kwanza ni ya mtu asiyejali. Ya pili ni ya mtu aliyekuwa na kitu. Anamkumbuka Agostino, mwalimu wa kanisa la kale, aliyetofautisha kati ya vitu vya kutumia na vitu vya kufurahia, na kusema: kama Mungu hahitajiki tena kutatua shida zetu, labda atarudi kama yule wa kufurahiwa tu. Na wakati wa kungoja, mtu asikae akingoja. Aende kwa jirani. Katika insha nyingine anaandika kwamba huenda Kristo si msingi wa imani wala mtu wa kuaminiwa, ila ni mahali pa kusimama, kando ya jirani.

Kama mwalimu wa Biblia siwezi kukubali sentensi hiyo yote. Kristo aliye mahali tu hawezi kuniita kwa jina. Lakini nimeketi kando ya vitanda vya wagonjwa ambako maneno yote ya darasani yalikwisha, na nilichoweza kufanya kilikuwa kusimama mahali fulani, kando ya mtu fulani, kwa sababu ya Yesu. Hamilton amekiandika hicho bila kukipamba. Na kwa hapa, bila kukusudia, anakaribia kulijibu swali la tatu, kwa kuwa anayetumwa kwa jirani anaambiwa pia kwamba anahusika.

Kuhusu falsafa ya uchambuzi wa lugha, kitabu kinapita haraka, nami nitapita haraka. Inakuja kupitia Paul van Buren, aliyesoma kwa mwanatheolojia Karl Barth huko Basel, Uswisi, kisha akageuka, na ambaye kitabu chake cha 1963 kilikubali kwamba sentensi kuhusu Mungu haziwezi kupimwa kwa ushahidi wowote, hivyo akaisoma Injili kama habari ya mtu huru, Yesu, ambaye uhuru wake uliwaambukiza wengine. Hamilton anamweleza kwa haki na kwa ufupi. Kwangu, theolojia inayoanza kwa kumwomba mwanafalsafa ruhusa ya kuzungumza huwa imebakiwa na machache ya kusema.

Yapo yasiyokuwemo. Paul Tillich, mwanatheolojia Mjerumani aliyefukuzwa chuo kikuu cha Frankfurt mwaka 1933 na akafariki Marekani mwaka 1965, anaonekana kama kivuli cha mwalimu; asiyemjua hatatambua ni kiasi gani Altizer anamdai. Auschwitz, kambi ambako Wanazi waliwaua Wayahudi na ambako swali la nani aliyehusika haliwezi kukwepwa, haina insha yake humu, ingawa Richard Rubenstein, rabi, alichapisha kitabu chake juu ya theolojia baada ya Auschwitz mwaka uleule wa 1966. James Cone, mwanatheolojia Mmarekani mweusi, alikuwa bado hajaandika. Kitabu chake cha kwanza juu ya theolojia ya weusi kilikuja 1969, nacho kiliuliza ni Mungu wa nani anayezikwa. Wanaotafuta mwanafalsafa Mfaransa Derrida na wale waliomfuata, kama Mark C. Taylor mwaka 1984 au John Caputo na Mungu wake dhaifu wa 2006, watafute kwingine, kwa kuwa vitabu vikubwa vya Derrida vilianza kutoka 1967.

Nimpendekezee nani? Mwanafunzi wa theolojia ambaye ameshamsoma Hegel kidogo, hata kurasa chache zilizochaguliwa vizuri, akinunue. Mhubiri anayechoka na mahubiri ya Ijumaa Kuu yanayokimbilia Jumapili, akinunue na aanzie kwa Altizer. Aliyefiwa karibuni asikiguse sasa. Sehemu za matumaini zitamkera, na hana wajibu wa kuzivumilia. Aliyepoteza imani na anataka kuthibitishiwa kwamba amefanya sawa hatapata anachokitafuta, kwa kuwa watu hawa wawili walibaki wakimng'ang'ania Yesu hadi mwisho wa kila insha.

Mpangilio wa kusoma ninaoupendekeza unatofautiana na ule wa kitabu. Dibaji kwanza, na mtihani wake uuandike mahali utakapouona. Kisha Hamilton juu ya Bonhoeffer, na zile barua za Tegel zenyewe zikiwa karibu. Halafu kifungu cha 125 cha Nietzsche, chote, kwa sauti. Ndipo uende kwa Altizer na insha yake juu ya theolojia na kifo cha Mungu, ukiwa tayari kumuuliza nani. Matumaini ya Januari 1965 yasome mwisho, ukiwa na hamu ya kujua zaidi jinsi watu wenye akili walivyoiona dunia mwaka ule.